Ulezi wa Mama Marsiana

"Dada, unanunua au unasoma?"

Winifrida akainua uso. Soko la Sumbawanga lilikuwa limefurika asubuhi hiyo, watu wanasukumana na magunia, naye na sketi yake ya jinzi na miwani ameinamia ulezi wa kijana wa watu, anachambua punje moja moja.

"Nasoma. Mimi mtafiti, natafuta ulezi usioshikwa na ukungu shambani."

"Basi umefika. Mama yangu kule Kaengesa anao. Ila hauuzwi, anapewa mkwe tu."

"Una maneno wewe."

"Na jina pia ninalo. Kasimiri."

Yakaanza hivyo. Masika yanaingia, simu haziishi, mpenzi umekula, mpenzi umelala. Mama Marsiana, mama yake Kasimiri, naye akashusha kibuyu cha ulezi kutoka darini kwenye moshi, akampimia mkwe mtarajiwa kikombe kimoja. Winifrida akakisaga chote maabara.

Kazi yenyewe ni hivi: unafungua hifadhidata ya jeni mtandaoni, unaandika jina la jeni unayoitaka, kwake ile ya kuzuia ukungu, unapata mfuatano wa herufi zake. Kisha unaagiza vipande vifupi vinavyoendana nao, ndivyo vya kuinasa jeni ndani ya ulezi ili uinakili. Winifrida alikuwa na haraka zake. Akachukua mfuatano uliotokea juu kabisa, asiangalie ni wa mmea gani. Hakunasa kitu. Akapiga simu.

"Mpenzi, ulezi wa mama hauna lolote. Hadithi tu za wazee."

"Umehakikisha?"

"Kasi, mimi ndiye niliyesoma."

Jamani, mdomo. Kasimiri akakata, na tangu hapo hakupokea simu yake tena.

Mavuno yakapita. Siku anaandika ripoti ndipo Winifrida akaurudia ukurasa ule, akaona: mfuatano ulikuwa wa mpunga. Akatafuta wa ulezi, akajaribu upya kwa mabaki ya unga wa kikombe kile yaliyokuwa kwenye friji, na jeni ikanasa mara moja. Akavaa kitenge alichonunuliwa na Kasimiri, akapanda gari la Kaengesa.

Uani alikuta ngoma na watu wamependeza. Mama Marsiana akamjia na kata ya pombe mkononi.

"Shikamoo mama. Nilikosea mimi. Ulezi wako ndio wenyewe, jeni ninayo. Naomba mbegu tuupande."

"Marahaba. Mbegu ipi, mwanangu? Kasimiri aliniambia umesema hauna lolote. Niliona aibu, miaka yote najisifia kitu bure. Nikaufanya kimea wote, sikubakiza." Akamkabidhi kata. "Kunywa, ndio huo. Leo tunapokea mkwe."

Winifrida akanywa. Ilikuwa pombe nzuri, na alilia akiimeza.

Kasimiri akapita na suti ya kijivu, amemshika mkono bibi harusi, Hellena. Akakiona kitenge, akasimama kidogo.

"Karibu, dada," akasema. "Umepata pa kukaa?"