Umri wa Bwana Harusi

Mzee alilala chali, kinywa wazi, na ungemwona ungesema amekata roho. Alikuwa akipumua vizuri, ila tangu asubuhi alipopasuliwa ngiri hakuwa ameamka. Mwanawe, aliyefika baadaye, alipiga simu polisi.

"Huyu kamzidishia baba dawa," alimwambia Inspekta alipowasili, akimwonyesha daktari wa usingizi. "Mfunge."

Daktari, mama wa makamo, alirudi nyuma hatua moja. Kazi yake yote ilikuwa hatarini. Inspekta, ambaye hakuwa na papara ya pingu, alimvutia kiti.

"Ulimpa kiasi gani?"

"Cha mtu wa miaka hamsini na minane. Alisema mwenyewe, kitambulisho kasahau nyumbani. Ubongo ukizeeka, dawa kidogo tu huushika sana, na hukawia kuuachia. Mashine ilionyesha ubongo umezama mno katika usingizi. Nikapunguza dawa, lakini sikuelewa kwa nini."

Inspekta aliinama kitandani. Nywele za mgonjwa zilikuwa nyeusi ti, mizizi yake nyeupe pe. Akamgeukia mwana, ambaye upara wake ulikuwa uking'aa.

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na mmoja."

"Kwa hiyo baba alikuzaa akiwa na saba. Hongera zake."

Mwana aliduwaa. "Baba ana sabini na tisa."

"Alipoulizwa umri, nani alikuwepo?"

"Mchumba wake," daktari alijibu, akimtazama mama aliyekaa pembeni, mkoba mapajani.

Mzee alifumbua jicho moja.

"Msimsumbue daktari," alisema, ulimi mzito. "Nilidanganya mimi. Ningetajaje sabini na tisa mbele ya mtu ninayetaka kumwoa?"

Daktari alishusha pumzi, akafuta macho kwa furaha. Mwana alimwomba radhi. Lakini Inspekta hakuwa amemaliza. Alimgeukia yule mama.

"Nawe ulijua?"

"Nilijua. Nilisoma darasa moja na mdogo wake."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilimstahi. Ningemuumbuaje mbele za watu? Nusura nimuue kwa heshima."

Mzee alijifunika shuka hadi puani. "Basi utaniacha?"

"Nikuache vipi? Mimi nilikubali kuolewa na mtu wa sabini na tisa. Huyo wa hamsini na minane simjui."