Boneti Lisilopoa

Asubuhi, jua lenyewe bado linajinyoosha, fundi aliweka kiganja juu ya boneti la gari jeusi akakiondoa haraka. Lilikuwa la moto. Gari lilisukumwa bandani jana usiku, injini haijawashwa siku nyingi, na bado bati lilichoma kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Makubwa haya," akasema, akacheka peke yake. Kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Gari lilikuwa la mama mkwe wake, aliloachiwa na marehemu mumewe. Alipolileta alimwomba jambo moja tu: "Mwanangu, usiliache juani. Nyeusi haivumilii." Fundi akajibu, "Ondoa shaka, mama." Kisha akaliacha juani kiangazi kizima. Paa likapauka, boneti likaota mabaka meupe, rangi angavu ya juu ikabanduka. Sasa mama alikuwa njiani kuja kulichukua, na fundi alikuwa haoni pa kuficha uso.

Kazi anaijua, tusimnyime haki yake. Bati la moto halipigwi polishi, unazidi kuliunguza. Akalimwagia maji, ukafuka mvuke wenye harufu ya nywele zilizoungua. Akangoja, wapi! Halikupoa. Aibu ikamsukuma, akawasha mashine ya polishi hivyo hivyo. Mabaka yakafutika, weusi ukarudi, ukang'aa hadi ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Alipozima mashine, chini ya boneti kitu kikavuta pumzi.

"Kivuli," kikasema, taratibu.

Adhuhuri mkewe alileta chakula. Alipoinama kuweka bakuli, fundi akaona nyuma ya shingo yake baka jeupe, limevimba, umbo lile lile alilolifuta kwenye boneti.

"Umefanya nini shingoni?"

"Sijui. Tangu asubuhi naungua," mkewe akanong'ona. "Na kuna mtu ananipumulia sikioni, mume wangu. Anauliza kivuli chake kiko wapi."

Kadiri jua lilivyozidi kuwa kali ndivyo mabaka yalivyomshuka mkewe mabegani, mikononi, mpaka vidoleni, huku akilia kwa sauti ya chini kama anayeogopa kusikiwa, na gari lile linalong'aa likawa linagongwa kutoka ndani, ta, ta, ta, na ndani hamna mtu.

Fundi akamwita mganga, mama mmoja mnene asiye na subira. Mganga akanusa boneti, kisha akamgeukia fundi.

"Jini huyu aliishi humu na marehemu, hawasumbuani. Wewe umemwunguza. Halafu ukafuta mabaka, ukadhani yameenda wapi? Mwambie mwenye gari ukweli. Wote. Usibakize hata chembe."

"Nimwambie mama mkwe?"

"Ulitaka nimwambie mimi?"

Mama mkwe akafika. Fundi akasimama mbele yake, macho kwenye vidole vya miguu. Jamani, aibu ya mkwe! Heri kuvuliwa nguo sokoni.

"Mama, nilikudanganya. Gari nililiacha juani, likaungua. Nimelipaka polishi usijue." Akaongeza haraka: "Banda lilijaa magari ya wateja. Nafasi kivulini haikuwepo."

Boneti likapiga kishindo. Upepo wa moto ukawapita usoni, harufu ikatoka nao, na mabaka mikononi mwa mkewe yakaanza kufifia. Mama mkwe akamshika fundi bega.

"Kukosea ni ubinadamu, baba. Umesema kweli, mimi sina kinyongo."

Msamaha ule ukamuunguza kuliko tusi. Pale pale nyuma ya mama, kwenye kona pana na baridi kuliko zote bandani, palikuwa na meza ya drafti na viti vyake, na hapo ndipo fundi na rafiki zake walikaa kiangazi kizima wakicheza. Sasa angesemaje? Kwamba gari la marehemu limebabuka kwa ajili ya drafti?

Mama mkwe akamkumbatia binti yake. "Yamekwisha yote?"

Binti alimtazama mumewe, na chini ya jicho lake baka moja lilikuwa limebaki.

"Bado naungua, mama. Muulize yeye."

Mganga akakohoa. Wote wakamgeukia fundi, wakangoja.

"Yamekwisha, mama," fundi akasema, na akaliona lile baka likitambaa kuelekea kwenye jicho la mkewe.