Blanketi la Uzi Mmoja

Jioni hiyo Pascalia alitoka nyumbani kutafuta vitambaa tu. Ilikuwa Novemba, mwaka wa tisini na saba, na mvua ya El Nino ilikuwa imeishika Kabras yote. Kufikia saa kumi na moja mbingu zilikuwa nyeusi kama za saa mbili. Alijifunga leso kichwani, akachukua kikapu, akashuka njia ya miwa hadi sokoni kwa fundi Erastus.

Pascalia alikuwa mtu wa kazi za mikono. Sufu ya kondoo aliisokota mwenyewe mpaka ikawa uzi, na uzi ule akafumia sweta za watoto wa shule. Lakini alichokipenda kuliko vyote ni blanketi za viraka. Aliokota mabaki ya vitambaa, akayakata miraba, akayaunganisha kwa sindano ya mkono, pole pole, jioni baada ya jioni. Na jioni zake zilikuwa ndefu. Mtoto wake wa pekee, Musimbi, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Miaka miwili baadaye mumewe naye akaenda. Tangu hapo nyumba ikawa na viti sita na mtu mmoja.

Shida ni kwamba mabaki ya nguo hayatolewi ovyo. Kila mtu alijua kuwa mchawi akipata kipande cha nguo yako, amekupata wewe. Sasa mjane anayezunguka akiomba vipande vya nguo za watu… watamfikiriaje?

Erastus hakusimamisha hata cherehani.

"Mama Musimbi, mimi huwa nachoma yote," alisema. "Watu hawatakangi."

"Hata kidogo, fundi?"

"Enda nyumbani, mama. Mvua inakuja."

Mvua ilimkuta katikati ya miwa. Ilishuka yote mara moja, ikaipiga miwa mpaka hakusikia hata hatua zake. Alikuwa ameinamisha kichwa akitazama matope, na alipokiinua alimwona mwanamke amesimama kando ya njia, gunia begani.

"Mulembe," alimsalimu yule mwanamke.

"Mulembe, mama."

Hakuwa mtu wa pale. Pascalia alikuwa amelowa chapachapa, maji yakimtiririka mgongoni. Yule mwanamke alikuwa mkavu. Leso yake kavu. Gunia lake kavu.

"Unatafuta vitambaa."

Hakuwa anauliza.

"Ndiyo…"

"Chukua hivi." Akalishusha gunia. Kisha akatoa donge la uzi mweusi. "Uvishone vyote kwa uzi huu. Ni mmoja. Usiukate mpaka nije."

"Na wewe nikupe nini?"

Mwanamke alimwekea donge mkononi.

"Huwa unakaa peke yako," alisema. "Hiyo inatosha."

Akaingia kwenye miwa. Miwa haikutikisika.

Kesho yake Pascalia alikaa kwenye sebule na kuanza blanketi jipya. Kipande cha kwanza kilikuwa cha kijani chenye maua meupe. Alihisi amekiona mahali, hakukumbuka wapi. Alikishona pande zote nne. Alipovuta mshono wa mwisho, mlango ulibishwa.

Alikuwa Quinter, jirani wa ng'ambo ya ua, ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu matanga ya mume wa Pascalia. Amevaa gauni la kijani lenye maua meupe.

"Quinter! Karibu! Karibu sana, dada!"

Quinter aliingia, akaketi kwenye kiti chenye kitambaa cha kroshia. Pascalia akakimbia jikoni, akachemsha chai yenye maziwa mengi, akammiminia. Akamweleza habari za mvua, za mahindi yanayooza shambani, za mguu unaomsumbua. Quinter hakujibu. Hakugusa chai. Macho yake yalikuwa kwenye blanketi, na yalikuwa wazi mno, hayapepesi.

Nyumba ilianza kunuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa leo.

Pascalia alisinzia kitini. Alipozinduka, kiti cha pili kilikuwa kitupu. Chai imejaa vile vile, baridi.

Angepaswa kuogopa. Na aliogopa. Lakini alikuwa ameongea na mtu jioni nzima, na hilo lilikuwa halijamtokea kwa miezi mingi. Siku iliyofuata, jua lilipoanza kushuka, aliichukua sindano tena.

Kipande cha pili kilikuwa cha kaki. Jioni hiyo alikuja Quinter, na baada yake Erastus, fundi, katika shati lake la kaki. Yule aliyemnyima vitambaa sasa alikuwa ameketi kwake, mikono juu ya magoti, kimya. Vikombe viwili vilijaa. Vikombe viwili vikapoa.

"Karibuni tena kesho," Pascalia alinong'ona.

Na wakaja tena kesho.

Jioni ya nne, wale wawili wakiwa wameshaketi, aliingiza mkono chini kabisa ya gunia. Akatoa kipande cha manjano chenye pindo.



Pindo lile aliujua mshono wake. Alilishona yeye, usiku mmoja wa kilio, kwa mishono mikubwa kwa sababu machozi hayakumruhusu kuona. Lilikuwa pindo la gauni alilozikwa nalo Musimbi.

Hapo alielewa kwamba hakuna jema katika gunia lile. Alielewa vizuri kabisa. Akakiweka kipande mezani, akazunguka chumba, akarudi. Akakinusa. Akaishika sindano.

Huyu hakubisha mlango. Hatua zake zilitoka chumbani. Ndogo. Za miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji.

Pa… pa… pa…

Mtoto alipita mbele ya Quinter, akapita mbele ya Erastus, akaketi kwenye kigoda nyuma ya pazia la jikoni lililoachwa nusu wazi. Aliupa ukuta uso. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari sita, kama alivyomsuka mwenyewe siku ile ya mwisho. Mgongo wa gauni la manjano ulikuwa umelowa.

"Musimbi… mama yako ni huyu."

Hakugeuka.

Mlango ukabishwa kwa nguvu. Pascalia akaufungua kidogo. Nje alisimama Weldon, mume wa Quinter, mvua ikimchuruzika usoni.

"Shemeji, naomba uje," alisema. "Quinter amelala kitandani siku tatu sasa. Hali chakula, haoni mtu. Macho wazi tu. Fundi Erastus naye yuko hivyo hivyo, hata zahanati wameshindwa. Mimi nimekuja kwako kwa sababu… kuna kitu anasema."

"Anasema nini?"

"Anasema, Pascalia, chai imepoa. Hicho tu. Kutwa nzima."

Weldon alichungulia ndani. Macho yake yalipita juu ya kiti alichokalia mkewe, yakaona vikombe vilivyojaa.

"Kwani ulikuwa na wageni?"

"Hapana," alisema. "Rudi kwa mkeo, Weldon. Kaa naye. Atapona."

Akafunga mlango. Akaketi chini na blanketi mapajani, akaanza kufumua. Mshono wa kwanza uligoma, kana kwamba umeshonwa kwenye nyama. Akauvuta kwa meno. Kipande cha kijani kilipodondoka, Quinter hakuwepo kitini. Kipande cha kaki kilipodondoka, kiti cha Erastus nacho kikawa kitupu.

Uzi uliendelea. Ulielekea kwenye kile cha manjano.

Nyuma ya pazia, kigoda kilikuwa kimya. Aliyaona yale mabega madogo.

Mvute tu, alijiambia. Alikufa miaka sita iliyopita. Mvute.

Mkono wake ukaenda kwenye mkasi. Akaukata uzi mahali pale, kati ya kaki na manjano, akamwacha mtoto wake akiwa ameshonwa alipo.

Alfajiri, gunia lilikuwa limetoweka. Alipokwenda kuteka maji, yule mwanamke alikuwa kando ya njia ya miwa, mkavu kama kawaida.

"Nilikwambia usiukate."

"Nilitaka abaki na mimi."

"Uzi ndio uliokuwa unamshika kwako." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa karibu ya huruma. "Sasa hana kitu cha kumshika. Ataenda na amtakaye."

Pascalia aliweka mtungi chini ili amuulize zaidi. Hakukuwa na mtu wa kuulizwa.

Hata hivyo mtoto alibaki. Siku moja, siku mbili, wiki. Mchana na usiku alikaa kwenye kigoda, uso ukutani. Pascalia alimfumia sweta ndogo ya bluu, akaiweka mabegani mwake, na asubuhi ikawa imelowa tope. Alimwimbia. Alimwekea uji. Uji ulipoa. Wakati mwingine alijikuta akilia, maana kuwa na mtu asiyegeuka kulikuwa na upweke wake pia.

Jumapili ya pili Quinter alikuja. Quinter mwenyewe, amekonda, na majani chai mkononi.

"Dada, nilikuota," alisema alipoketi. "Siku zote zile niliota niko hapa. Nataka kuongea, mdomo umekataa. Nikakuona vile unakaa peke yako unaongea na viti. Nilipoamka niliona haya. Sisi ni majirani gani?"

Alikunywa chai. Vikombe viwili. Alicheka, na kicheko kikagonga mabati, na Pascalia akashtuka kwa raha.

"Nitakuletea watoto wangu wakusalimie. Watatu wale watakuvunjia nyumba!"

Nyuma ya pazia, kigoda kililia.

Kwa mara ya kwanza.

Quinter akageuza shingo. "Kuna mtu?"

"Hakuna. Ni paka."

"Haya. Wacha niende kabla ya mvua. Wale watoto wangu hawawezangi kukaa bila mimi."

Pascalia alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi mbio, akafunua pazia. Kigoda kilikuwa kitupu. Kimelowa. Kile kipande cha manjano kilikuwa sakafuni, hakina mshono hata mmoja.

Akatoka nje.

Kwenye matope kulikuwa na alama za viatu vya Quinter zikishuka kuelekea nyumbani kwake. Kando yazo, hatua kwa hatua, kulikuwa na nyayo ndogo za miguu mitupu.

Quinter alikuwa amefika kwenye kona ya ua. Alitembea taratibu, akitazama mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia mbali kidogo na mwili, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyeshika mtoto bila kujua.

Pascalia alifungua mdomo aite. Majina mawili yalimjia kwa pamoja, na mvua ikaanza kabla hajachagua.