Mabuti ya Chama

Kisigino cha Chepkoech kiliinuka tena ndani ya buti, na skii ya kushoto, ubao wa kutelezea thelujini, ikaenda ilikotaka yenyewe.

Walikuwa katikati ya mteremko, juu katika milima ya Uskoti, na hali ya hewa iliyotabiriwa kuwa shwari hadi jioni ilikuwa imeharibika kabla ya mchana. Ukungu ulikuwa umemeza mbingu na ardhi pamoja. Upepo ulirusha chembe za barafu zilizochoma mashavu kama cheche. Mbele yake, koti jekundu la Anko Jagjit lilikuwa limetoweka. Nyuma yake, kaka yake Kibet alipaza sauti.

"Kunja magoti! Shika kulia!"

Alikunja magoti. Mguu ulielekea kulia, lakini buti halikuufuata. Mguu ulizunguka ndani yake kama mchi ndani ya kinu. Ncha ya skii ikachimba theluji ngumu, goti likajipinda, na Chepkoech akaporomoka hadi ndani ya korongo ambalo hakuwa ameliona.

Kibet alimkuta ameketi, theluji imemjaa shingoni.

"Umeumia wapi?"

"Goti. Halijavunjika, lakini halinibebi. Na vidole vya miguu sivisikii. Tangu tulipokuwa tunapanda."

"Hiyo ni baridi tu," Kibet akasema, akapuliza filimbi kumwita Jagjit.

Jagjit alipanda kuwarudia taratibu, ndevu zake zimeganda. Alizaliwa Kisumu, akaletwa Birmingham akiwa kijana, akatengeneza treni kule Tyseley hadi alipostaafu, na kila mwaka wa maisha yake ya kazi alitumia likizo yake kwenye theluji. Ndiye aliyewafundisha hawa wawili. Alilipapasa goti, akatazama ukuta wa korongo, kisha akajaribu simu zao, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyoshika mtandao.

"Kumbeba kwenye mteremko huu ni kumuua," alisema. "Mimi nashuka barabarani kutafuta watu. Kibet, chimba pango la theluji hapa ukingoni, mdomo uwe mdogo, uangalie mbali na upepo. Asilale. Maji mpe kidogo kidogo, na asile theluji."

"Ukipotea je, Anko?" Chepkoech akauliza.

"Mtanitukana. Kisumu nilitukanwa kwa lugha zote, sitashtuka."

Akafunga mabuti yake makuukuu, bizimu moja baada ya nyingine, akateleza na kuzama katika weupe.

Kibet akaanza kuchimba. Alikuwa na nguvu na alikuwa na joto, na miguu yake ilikuwa imetulia mahali pake. Mabuti aliyovaa yeye na yale aliyovaa dada yake yalikuwa ya saizi moja.

Yalikuwa mabuti ya chama. Vijana wa kanisa lao huko Lozells, mtaa wa Birmingham, walikuwa wameanza kwa kupanda vilima Jumamosi, manesi na walezi wa wazee waliohitaji kupumua hewa isiyo na harufu ya dawa. Kila kitu walinunua kwa pamoja: hema, jiko la gesi, makoti ya mvua. Aliyekuwa na likizo alichukua, akatumia, akafua, akarudisha. Kibet, mwenyekiti, alipenda kusema kwamba hakuna aliyekuja nchi hii na vyake peke yake. Aliamini hivyo, na kwa vitu vingi alikuwa sahihi.

Mabuti waliyanunua Tyseley, katika duka lililokuwa ndani ya ghala, ambako Mandeep, mpwa wa Jagjit, alipima miguu ya watelezaji. Kiswahili chake alikipata jikoni kwa bibi yake aliyetoka Kisumu.

"Mnataka ya kupandia au ya kushukia?" aliwauliza siku hiyo.

"Yote mawili," Kibet alisema. "Tunapanda wenyewe, halafu tunashuka nje ya njia."

"Basi mnataka jepesi la kupandia, lililo gumu la kushukia. Hili hapa. Ukivuta klipu hii ya nyuma, kifundo kinakunjika, unatembea. Ukiifunga, linakuwa kama mfupa. Lakini hayo yote ni bure kama halikukai mguuni."

Alitoa bitana ya ndani, akamwambia Chepkoech aingize mguu kwenye ganda tupu na asukume vidole hadi mbele. Kisha akapitisha kidole chake nyuma ya kisigino. Kiliingia kimoja, kwa kubana. Aliporudisha bitana na kufunga bizimu, Chepkoech alihisi kisigino kimeshikwa vizuri, kama kimeshikwa na mkono. Alisimama akacheka peke yake.

"Ni hili," alisema.

"Na Brigid wa chamani atavaa nini?" Kibet aliuliza. "Walter je? Tukichukua saizi yako, ni wewe tu utavaa. Tuchukue pea mbili za saizi yangu. Mwenye mguu mdogo ataongeza soksi."

Mandeep aliinuka. "Kaka, hii siyo sufuria ya harambee. Buti la skii likicheza, linakutupa. Na ukijaza soksi na kukaza bizimu ili lisicheze, unafunga damu."

"Shuleni huyu alivaa viatu vyangu miaka yote," Kibet alijibu huku akitabasamu. "Tulijaza gazeti mbele. Na riadha alishinda. Au siyo, Chepkoech?"

Ilikuwa kweli. Wakati huo alijivunia gazeti lile. Hakutaka kuonekana mchoyo mbele ya watu wa kanisa, wala mtu aliyesahau alikotoka. Alivua lile buti dogo, akalirudisha kwenye boksi lake.

"Tutaongeza soksi," alisema.

Sasa pango lilikuwa tayari, shimo la kuwatosha wawili wakikunja magoti. Kibet alimvuta dada yake ndani, akatandika kamba na mkoba chini yake ili asikalie barafu, akaziba mdomo kwa skii na theluji, akaacha tundu la hewa. Kelele za upepo zilififia. Walisikia pumzi zao tu.

"Kunywa."

Akanywa mara mbili. Chai ya chupa ilikuwa imeshakuwa vuguvugu.

"Nivue mabuti," Chepkoech akasema.

"Hapana. Ukivua, mguu utavimba, buti halitaingia tena. Wakija utashuka vipi?"

"Kwani nikiwa nayo nitashuka vipi? Goti halipo. Legeza bizimu, uvue."

"Jagjit hakusema tuvue."

"Jagjit anajua theluji. Mimi ni nesi, na miguu ni yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya wodini, ile anayowaambia nayo jamaa za wagonjwa habari mbaya. "Kibet, vua."

Bizimu zilikuwa zimeganda. Zilikuwa zimekazwa hadi tundu la mwisho, kwa sababu asubuhi, katika kila mita mia za kupanda, buti lilipocheza alizikaza zaidi. Kibet alizigonga kwa mpini wa koleo la kuchimbia mpaka zikaachia. Ndani ya buti la kushoto alikuta soksi, na chini ya soksi, soksi, na ya tatu imejikunja unyayoni kama kamba. Juu ya kifundo bizimu zilikuwa zimechora mfereji mwekundu. Chini ya mfereji huo mguu ulikuwa mweupe, na vidole vilikuwa rangi ya mshumaa. Kisigino kilikuwa kimechunika chote.

Alikigusa kidole gumba. Kilikuwa kigumu.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu. Usisugue! Fungua koti, uiweke tumboni kwako."

Alifungua koti na fulana, akaikumbatia miguu yote miwili juu ya tumbo lake tupu. Baridi yake ilimkata pumzi. Walikaa hivyo, yeye akitetemeka, dada yake akimtazama.

"Wewe miguu yako ina joto?" Chepkoech aliuliza baada ya kitambo.

Kibet aligeuka kutazama tundu la hewa.

"Nimeuliza."

"Ina joto."

"Nilidhani hivyo."

Baadaye, mguu wa kulia ulipoanza kupata damu, Chepkoech alipiga kelele kama mtu anayechomwa, na Kibet akataka kuutoa. "Acha hapo! Uchungu ni mzuri. Ule usiouma ndio unaoniogopesha." Wa kushoto haukuuma. Kibet akamwimbia nyimbo za kwaya ili asilale. Alipokosea maneno Chepkoech alimsahihisha kwa hasira, na hasira ile ilimweka macho.

Giza lilikuwa limeshaingia waliposikia filimbi. Jagjit alikuwa amefika barabarani kwa kuifuata sauti ya kijito, na sasa alirudi na watu wa uokoaji wenye taa vichwani na machela. Alichungulia pangoni, akaona miguu tumboni mwa Kibet, akaona mabuti yaliyotupwa pembeni, na uso wake ukazeeka.

"Nani kasema mvue?"

"Mimi," Chepkoech alisema.

"Umefanya vizuri, binti yangu. Ungechelewa, ungeacha mguu mzima hapa."

Hakuacha mguu mzima. Baada ya majuma ya kungoja, madaktari wa Birmingham walikata vidole vitatu vya mguu wa kushoto.

Aliporudi nyumbani Lozells, chama kizima kilikuwa sebuleni. Wasingeweza kukosa. Tangu ajali walikuwa wamegawana zamu zake za kazi, wamempikia, wamemfulia. Brigid alimwogesha kwa mikono yake bila kuombwa. Chepkoech alipokea yote. Usiku mwingine alilia kwa kuwa asingeweza kuwachukia watu hawa, na angepata nafuu kama angeweza.

Aliketi kwenye kochi, mguu juu ya mto. Chapati zilipangwa mezani. Kibet akasimama katikati, kama kawaida, akafumba macho.

"Baba, tunakushukuru kwa ajili ya dada yetu. Tunakushukuru kwa miguu yake uliyotulindia. Mapenzi yako yametimia, na sisi tumepoa, hatuna uchungu..."

"Mimi ninao," Chepkoech akasema.

Macho yakafumbuka. Brigid aliweka sahani chini.

"Ninao uchungu. Vidole ambavyo havipo vinaniuma kila nikiamka. Wodini nasimama siku nzima, na sijui kama nitaweza tena. Mmenisaidia sana na nawashukuru. Lakini tangu mlimani, Kibet, umemwambia Mungu kuhusu miguu hii, umemwambia mchungaji, umewaambia watu wa Kenya kwa simu. Mimi hujaniuliza."

Kibet alibaki amesimama, mikono bado imeshikana kwa sala ambayo haikumalizika. Kisha akapiga magoti kwenye zulia, kando ya mto.

"Inauma sasa hivi?"

"Inauma."

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye bandeji. Chepkoech akauvuta mguu.

"Uliza kwanza."

Hakuna aliyegusa chapati. Nje basi la mjini lilisimama kituoni, likashusha watu, likaondoka.

"Naweza kuushika?" Kibet aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko dada yake alivyowahi kuisikia.

Chepkoech aliutazama mkono wake uliobaki hewani. Angeweza kukataa, na watu wote walioko sebuleni walijua hivyo sasa.

"Juu ya kifundo tu," akasema. "Chini yake, bado."