Nguo Isiyokatwa

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mkorosho, lakini barakoa moja kati ya zile zilizoanikwa uani ilikuwa inaingia ndani na kutoka nje, taratibu, kama mtu anayepumua usingizini. Ilikuwa ile nyekundu. Bi Sijaona aliiona, akainamisha uso, akaendelea kupepeta mchele.

Alijua nguo ile imetoka wapi, maana mkasi ulikuwa wake.

Ulikuwa mwaka wa korona pale Kibiti. Salima, mke mdogo wa Badru, alikuwa na cherehani na mkono mwepesi, na nesi Marsela wa zahanati akamwagiza barakoa za wahudumu wote, kisha za wauza samaki sokoni. Tangu hapo kiti cha Badru kilihamia barazani kwa Salima. "Mke wangu ndiye anayewakinga," alijigamba kwa wapita njia, na hakuna aliyeuliza mke yupi. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Sijaona, mke mkubwa, alikuwa amebaki mifupa.

Ndipo alipofungua kikapu cha marehemu bibi yake. Ndani mlikuwa na kitambaa chekundu cha jini wa ukoo, kilichofukizwa ubani na kunyunyiziwa marashi kila Alhamisi. Sharti lake moja tu: hakikatwi. Sijaona alikikata. Alishona barakoa kwa mkono, akampelekea mke mwenziwe.

"Nawe uvae ya kwako, mdogo wangu. Kazi kuwashonea watu tu!"

Salima alishukuru mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale yakamchoma Sijaona kuliko matusi. Jini amsumbue kidogo, alijiambia. Ampindishie mishono, basi.

Jioni ile Salima aliifua, akaianika uani pamoja na za wateja. Asubuhi iliyofuata walikuwa wote zahanati, Sijaona kwenye foleni ya kina mama, Salima mlangoni na mfuko wa barakoa mpya, ile nyekundu usoni. Harufu ya marashi ikatanda ghafla. Kisha nyuma ya kitambaa ikatoka sauti, na haikuwa ya Salima, ilikuwa ya Sijaona mwenyewe, ikisema mbele ya kadamnasi yote aliyoyanong'onea mto wake wa kulalia, kwamba amechoka kumpikia mume anayeshibia kwingine, kwamba cherehani ile ishike kutu na mikono ile ikauke, na wanawake wakamgeukia Sijaona mmoja mmoja wakaona mdomo wake umefumba, na sauti ikazidi kupanda huku kitambaa kikinyonywa ndani hata umbo la meno likaonekana.

Salima akaanguka. Marsela alivuta kamba za barakoa, hazikukatika.

"Anakosa pumzi! Jamani, nani kamshonea hii?"

Bi Mwanahawa, mganga, aliyekuja kuchukua dawa zake za presha, alinusa mara moja akajua. "Nguo ya jini mwenyewe hiyo," alinong'ona. "Imekatwa. Aliyekata aivae, ama tuzike."

Miguu ya Salima ilikuwa imeanza kutulia. Sijaona alimchukia mwanamke yule, Mungu anajua, lakini hakutaka afe. Akapiga magoti sakafuni.

"Mimi ndiye niliyekukata. Rudi kwangu."

Kamba zikalegea zenyewe. Salima akavuta pumzi kwa kelele. Sijaona akaokota barakoa, ingali na joto, akaivaa.

Korona ikapita, watu wakavua barakoa wakasahau. Sijaona hajavua. Anakula peke yake, mlango umefungwa. Salima huwa anamletea uji, anauacha kizingitini. Na Badru, kwa majuto au kwa hofu, alirudisha kiti barazani kwa mke mkubwa, jambo ambalo Sijaona aliliomba miaka mingi.

"Vua basi mama, nikuone," alimbembeleza jioni moja. "Nimeukumbuka uso wako."

Moyo wa Sijaona ukaruka kwa furaha. Akainua mkono kushika kamba. Marashi yakanukia baraza zima, na nyuma ya kitambaa sauti nzito, ya kiume, ikajibu kwa upole:

"Mke wangu hatazamwi."