Maini ya Odile Thibault

Jumatatu asubuhi Corinne Thibault alishuka kitandani, na miguu ikakataa kumbeba. Bibi yake, Odile, alimkuta sakafuni macho yamemtoka.

"Bibi, siisikii miguu yangu!"

Wiki mbili kabla, Odile alikuwa amewakaribisha watu chakula ghalani, shambani kwake Vermont. Nusu yao waliharisha damu. Corinne pia aliharisha, akapona, sasa hili! Mtaa mzima ulishampata mkosaji: jirani yao Gordon Haskins, aliyewahi kuapa hadharani kwamba kuku wa Odile wakiingia tena kwenye mboga zake, mtu atajuta. Na jioni ya chakula kile ndiye aliyeleta juisi ya tufaha.

"Mkamate!" Odile alimfokea mpelelezi Wade Pelkey jikoni kwake. "Ametia kitu kwenye juisi. Unangoja animalizie ukoo?"

"Kuna waliokunywa juisi na ni wazima, Bi Odile. Wote walioumwa walikula yale maini ya kuku ya kupaka kwenye mkate. Uliyapikaje?"

"Mpaka yakawa kijivu ndani. Mimi si mtoto wa jana."

Kipimajoto cha nyama kilining'inia kwenye msumari. Wade akakigusa.

"Hicho ni cha kuku wa dukani," Odile akasema. "Wale wanalala juu ya mavi yao. Wangu wanashinda kwenye majani na jua, wapimwe nini?"

"Na mabaki?"

"Nimeyafukia kwenye mbolea."

Kwa Haskins, dirisha la mbele lilikuwa limepigwa mawe.

"Eti nimemtilia sumu Corinne!" mzee alisema. "Mtoto niliyemfundisha baiskeli mimi! Na Odile mwenyewe, asubuhi ya siku ile ya chakula, aliniletea kopo la maini, tusameheane. Maini siyali, ila kulitupa nikaona vibaya."

Wade alifungua friji. Kopo la kioo lilikuwa bado limefungwa kwa nta. Aliligeuza kwenye mwanga, akapigwa na butwaa: maini yalikuwa mekundu kama ufizi.

Majibu ya maabara yalipotoka, Wade alimkuta Odile hospitalini, kwenye korido nje ya chumba cha Corinne. Haskins alikuwa ameketi upande wa pili na maua yake.

"Bakteria ni wale wale," Wade alisema. "Wamo kwenye kopo ulilolifunga mwenyewe, kwenye kinyesi cha wagonjwa, na kwenye mavi ya kuku wako malishoni. Mwili wa Corinne ulipopigana nao, ukaanza kushambulia mishipa yake yenyewe ya fahamu. Ulijua lini?"

Odile akajibu, "Walipoanza kuhara. Nikaikumbuka ile rangi nyekundu."

"Na bado ukanituma nimkamate mtu! Kupika vibaya ni bahati mbaya, Bi Odile. Kumsingizia mtu ni kosa la jinai."

"Maisha yangu yote nimewaambia watu kuku wangu ni safi. Ningewatazamaje usoni?"

"Mimi uliweza kunitazama," Haskins alisema.

Mlango ulikuwa wazi. "Nilikuambia hayajaiva, Bibi," Corinne alisema kutoka kitandani. "Ukasema hawa si kuku wa dukani, ukanilisha kwa kijiko chako. Watu walipoumwa nikanyamaza, nikajua utasema ukweli mwenyewe."

Odile aliingia, akaushika mguu wa mjukuu wake juu ya shuka, akaubana kwa mikono miwili huku akilia. Corinne alikuwa akitazama dirishani. Hakujua kama ameshikwa.