Kipkirui na Chai Iliyofungiwa Stoo

Wapendwa wa Roret na majirani zetu, nyumba ya Kipkirui ilikuwa na amani. Yeye na mkewe Dorcus walichuna chai pamoja, na binti yao Chepchirchir akitoka shule aliwapikia. Kisha wakulima wakamchagua Dorcus mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai. Kipkirui, aliyekuwa amekigombea kiti hicho hicho, akampigia makofi kwa vidole viwili.

Tangu siku hiyo, kila Dorcus alipopeleka majani, mumewe alimwona akicheka na Owiti, karani wa mizani. Roho ilimuuma jamani! Alasiri moja akayafungia magunia matatu ya majani stoo, ufunguo akautia mfukoni.

“Baba Chepchirchir, lori inafika sasa hivi,” Dorcus akasihi. “Hiyo majani ikilala itaungua ndani ya gunia.”

“Wacha iungue! Kwa Owiti wako huendi.”

Dorcus akafunga nguo zake, akaenda kwao Sotik.

Asubuhi Kipkirui alifungua stoo. Majani yalikuwa ya moto na mekundu, hayafai kitu. Majuto ni mjukuu. Chepchirchir alikuwa kizingitini na daftari lake la Kiingereza.

“Baba, mwalimu anataka tutofautishe jealous na envious.”

“Si ni kitu moja?”

“Hapana. Jealous ni kuogopa kunyang'anywa kile uko nacho. Envious ni kuumia juu ya kile mwenzako ako nacho.”

“Basi andika baba yako ni jealous.”

Mtoto hakucheka. “Lakini baba, mbona Owiti hakukusumbua kabla mama achaguliwe?”

Aibu ilimshika Kipkirui, akavaa koti na kushika njia ya Sotik. Alimkuta Dorcus akipalilia mboga za mamake.

“Si Owiti,” akasema. “Ni kile kiti. Niliumia ulipokipata.”

“Na mimi ndiye nikalipia.” Dorcus akapangusa jembe taratibu. “Nitarudi. Lakini ufunguo ya stoo itakaa na mimi.”

Akaunyoosha mkono, naye Kipkirui akautoa ufunguo mfukoni, akampa.

FUNZO

Kijicho hupenda kujiita wivu wa mapenzi, maana hilo ni jina la heshima. Ewe unayemlinda mwenzako, jiulize kwanza: unaogopa kumpoteza, au unaumia kwa kuwa amepata? Aliyepata ni wa nyumba yako. Ukimfungia mlango, chai inayoharibika ni yako.